Babu Aliyefariki Bila Ubatizo Yuko Wapi?



Swali hili huulizwa sana katika jumuiya zetu za Kisorya, hasa Novemba tunapowaombea marehemu. Wengi wetu tuna babu au bibi aliyezikwa na jina lake la Kijita au la Kikerewe tu, hakubatizwa. Je, amepotea?

Tuanzie hapa hapa Mara. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alibatizwa Desemba 1943. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942, bila kuwa Mkristo. Mwana tunasali atangazwe mwenye heri. Baba je, tumkatie tamaa?

Wapo wanaojibu haraka kwa kanuni ya kale kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Lakini Mtakatifu Sipriani wa Karthago, katika karne ya 3, aliwaonya waliolijua Kanisa wakajitenga nalo. Hakumlenga mvuvi wa ziwa hili ambaye mmisionari alikuwa bado hajafika kwao. Mwaka 1949 Roma yenyewe ilimkosoa padre mmoja wa Boston, Marekani, aliyeishikilia kanuni hiyo kwa ukali kupita kiasi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifafanua zaidi mwaka 1964, katika hati Lumen Gentium, namba 16. Asiyeijua Injili bila kosa lake, lakini anamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na, akisukumwa na neema, anajitahidi kutenda mapenzi yake kadiri dhamiri inavyomwonyesha, aweza kuupata wokovu. Hati inawataja pia Wayahudi na Waislamu, hawa jirani zetu tunaopanda nao kivuko cha Rugezi.

Sisi wanafalsafa tunapenda kuling'ang'ania neno moja, na hapa ni "neema". Mtaguso hausemi kwamba babu huokolewa na mila zake, wala kwamba dini zote ni sawa. Anayemwokoa ni Kristo, hata kama babu hakulijua jina lake. Mtu hunywa maji ya ziwa bila kujua Mto Mara unaingilia wapi. (Mfano una kilema, tunakubali.)

Na "aweza" si "lazima". Namba 14 ya hati hiyo hiyo ni kali: anayejua kwamba Mungu ameliweka Kanisa kuwa la lazima, kisha akakataa kuingia au kudumu ndani yake, hawezi kuokoka. Aliyebatizwa asipodumu katika upendo, naye haokoki. Maneno hayo yanatuhusu sisi kuliko babu.

Hukumu yake hatuijui. Kanisa hutangaza watakatifu. Halijamtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Tena Sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inamruhusu padre kuadhimisha Misa kwa ajili ya mtu yeyote, mzima au marehemu. Kwa hiyo ukitaka kumwombea babu, nenda ofisi ya parokia ukaandikishe nia ya Misa, kwa jina lake lile lile la Kijita.