Je, Wajua? Picha za Ukoo, Kutoka Njia ya Misafara Hadi Kitabuni

Je, wajua kuwa kamera ilianza safari ya kwenda Tabora mwaka 1860 ikaishia njiani? James Augustus Grant, aliyefuatana na mpelelezi John Hanning Speke, alipiga picha Zanzibar mwaka huo, na ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za kisiwa hicho. Lakini kazi ya picha enzi zile ilitaka mtu ajifungie ndani ya kihema chenye giza pamoja na dawa zake, jua la bara likiwaka nje. Speke aliona mwenzake atakufa kwa joto, kamera ikarudishwa. Walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, mwaka 1861, Grant alibaki na penseli na rangi zake.

Na wajua kuwa ile picha maarufu ya mtoto wa njia ya misafara haikupigwa barani humu? Ni ya Kalulu, mvulana ambaye Henry Morton Stanley alipewa Unyanyembe mwaka 1871 na mfanyabiashara wa Kiarabu. Ilipigwa studio, London, mwaka 1872, Stanley akiwa amevalia mavazi yake ya safari. Kabla ya hapo mtoto aliitwa Ndugu M'hali, ila Stanley alimbadilisha jina, na hilo jipya ndilo lililoandikwa chini ya picha hadi leo. Kalulu alikufa maji katika mto Kongo mwaka 1877. Picha ipo, ila ukoo wake haujulikani. Ikiwa hujaelewa kwa nini safu hii itapiga kelele kuhusu majina, rudia aya hii.

Je, wajua kuwa Susi na Chuma, watumishi wa mpelelezi Livingstone waliohudumu msibani mwake tangu kifo chake mwezi Mei 1873 hadi mwili ulipofikishwa pwani mwaka 1874, baadaye walipelekwa Uingereza wakasaidia kutengeneza kitabu? Mhariri, Horace Waller, alikuwa na daftari za marehemu mkononi, lakini daftari hazijibu maswali. Aliketi na wale wawili, akauliza mto huu ni upi, kijiji hiki ni cha nani, hapa palitokea nini. Kitabu kikatoka mwaka huohuo wa 1874. Ipo pia picha yao wakiwa pamoja na watoto wa Livingstone. Mtu anayetaka kutengeneza kitabu cha picha za nyumbani kwao, njia ni hiyohiyo ya Waller: picha mezani, mwenye kumbukumbu kitini, wewe na kalamu.

Mwenzao Jacob Wainwright, aliyeandika diari ya safari ile ya kuupeleka mwili pwani na kuchonga maandishi kwenye mti alipozikwa moyo wa Livingstone, alifia Urambo, mkoa huu huu wa Tabora, mwaka 1892. Wanafunzi wangapi wa Urambo wanalijua hilo?

Na Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, je? Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na maskani Tabora. Mwana alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni simulizi tamu yenye vita, pembe na madeni, lakini miaka aliitaja kwa uchache mno, na wataalamu wametoa jasho kuipanga. Albamu nyingi za nyumbani zina ugonjwa huo huo: sherehe imejaa, tarehe hakuna.

Dawa ya kukosa tarehe mara nyingine imo ndani ya picha yenyewe. Igeuze. Mgongoni utakuta muhuri wa studio, rangi ya zambarau iliyofifia, jina la mji, pengine namba iliyoandikwa kwa penseli. Chini yake kuna mwandiko ulioinama: "Ukumbusho wangu kwako", na jina la mtu ambaye hakuna anayemkumbuka isipokuwa bibi. Kisha tazama kingo. Kingo nyeupe zilizokatwa mawimbimawimbi ni mtindo ulioenea kati ya miaka ya 1940 na 1960. Pembe zenye mviringo, tena picha ikiwa ya rangi, hiyo yaelekea kuwa ya miaka ya 1970. Unapoinakili picha, nakili na mgongo wake. Ni ushahidi, usiutupe.

Studio nazo zina historia yao. Mpiga picha Gomes alifungua yake Zanzibar katika karne ya 19. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza hukohuko mwaka 1930. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo watu walifuata kazi huku na huko, picha zao zikirudi nyumbani ndani ya bahasha. Ndiyo maana picha za ukoo mmoja wa Tabora unaweza kuzikuta Morogoro kwa shangazi, Kigoma kwa mjomba na Dar es Salaam kwa binamu asiyepokea simu. Kitabu kinaanza kwa kuzikusanya, na kuzikusanya ndiko kazi yenyewe. Kuchapa ni siku chache tu.

Je, wajua ni picha zipi zinazokufa kwanza? Watu hukimbilia kuokoa zile nyeusi na nyeupe za babu. Hapana. Nyeusi na nyeupe iliyooshwa vizuri imeshikwa na chembe za fedha, hudumu miaka na miaka. Zinazokufa haraka ni za rangi za miaka ya 1970 na 1980: rangi zake hufifia hata zikikaa gizani, harusi nzima ikageuka nyekundu. Anza na hizo.

Wajua mende anataka nini kwenye albamu yako? Safu ya juu ya picha ya zamani ni jelatini, iliyotokana na mifupa na ngozi za ng'ombe. Kwake ni mchuzi. Mchwa yeye hutaka karatasi. Sanduku la picha lisikae sakafuni, na lisiegemee ukuta unaopitisha unyevu wakati wa masika. Bati lenye kifuniko kinachobana, juu ya kabati, linatosha.

Adui mwingine tulimnunua wenyewe: albamu za kurasa zenye gundi na plastiki ya kufunika. Gundi ile hugeuka njano na kuing'ang'ania picha. Usiikwangue kwa kisu, wala usiikunje kwa kuivuta pembe. Chukua uzi wa kusafishia meno, usiotiwa nta, ushike ncha mbili, uingize chini ya pembe ya picha na uupitishe taratibu kama unayekata ugali, huku ukurasa ukiwa umelala mezani. Ikigoma, iache palepale na uipige picha ikiwa ndani ya albamu.

Je, wajua kuwa picha ya pasipoti inaweza kujaza ukurasa? Wazee wengi waliacha picha moja tu duniani, ile ya kitambulisho, yenye upana wa milimita 35. Iskani kwa nukta 1200 kwa inchi, utapata upana wa nukta kama 1650. Kitabu kizuri huchapwa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo sura ya babu itatoka na upana wa sentimita 14 bila kupasuka. Huna skana? Simu inatosha kwa picha kubwa kidogo: karibu na dirisha, bila fleshi, simu ikiwa sambamba na picha. Na ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ukubwa, na kwenye karatasi utaona ukungu.

Picha ya kundi ina ufundi wake. Weka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha, chora kwa wepesi mduara wa kila kichwa, andika namba ndani ya kila mduara, halafu mwulize bibi namba moja ni nani, namba mbili ni nani. Asipowajua, usikisie. Shule ya Tabora ilianza mwaka 1922, na Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937, hivyo picha za darasa za mji huu hazikosi vijana waliokuja kuwa watu wakubwa. Lakini yule asiyejulikana, wa mstari wa nyuma, ni babu wa mtu.

Wajua kuwa Tabora ni mji wa vitabu? Kipalapala, nje kidogo ya mji, ipo TMP, kiwanda cha uchapaji cha Kanisa Katoliki, na jina lake limo kwenye majalada ya vitabu vingi vya Kiswahili. Kitabu cha ukoo hakihitaji makubwa hayo. Kikishonwa au kupigwa pini katikati, hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne: kurasa 32 ni karatasi 8. Kwa maoni yangu, nakala tano za kawaida, kila nyumba moja, zina faida kuliko moja ya jalada la ngozi iliyofungiwa kabatini kwa kaka mkubwa. Mapambo ya mioyo na maua yaliyotengenezwa tayari, yaache. Yanakula nafasi ya majina.

Hili la mwisho ni la bure: Chuo Kikuu cha Frankfurt kinahifadhi maelfu kwa maelfu ya picha za enzi za Wajerumani, nazo zinatazamwa mtandaoni. Tafuta Tabora humo. Utaona mji, boma, soko na watu, na mara nyingi maelezo yanataja mahali tu bila kumtaja mtu.

Kwenu bado kuna wanaojua. Jumapili hii, kabla hujamtafuta mchapaji, chukua penseli laini ya kuandikia mgongoni mwa picha, si peni, nenda kwa aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, na muanze na ile picha ambayo wewe humtambui hata mtu mmoja.