Bata Mwenye Nundu wa Uwanda wa Kati

Dume la bata mwenye nundu hahitaji darubini ili atambulike. Juu ya mdomo wake mweusi limeinuka pande la nyama la mviringo, na hakuna bata mwitu mwingine wa Tanzania mwenye umbo hilo. Nundu hiyo hufura msimu wa kuzaliana ukifika, kisha hunywea. Kichwa na shingo ni vyeupe vyenye madoadoa meusi, kifua na tumbo ni vyeupe pia, mbavu zina kijivu hafifu. Wakati wa kupandana, pande za kichwa hupata umanjano. Wataalamu humwita Sarkidiornis melanotos.

Uzuri wake hasa uko mgongoni na kwenye mabawa. Akionekana kwa mbali, au siku ya mawingu, sehemu hizo ni nyeusi tu. Akigeuka juani, weusi ule hutoa kijani, mara zambarau, mara rangi ya shaba. Hakuna hata moja kati ya rangi hizo iliyomo ndani ya unyoya. Kilichomo ni melanini, ileile inayotia weusi ngozi na nywele za binadamu, ila hapa imepangwa kwa matabaka membamba mno. Mwanga ukipiga, sehemu yake hurudishwa na tabaka la juu na sehemu nyingine na matabaka ya chini. Miale hiyo ikikutana, baadhi ya rangi hufifishana na nyingine hukolezana, kama inavyotokea petroli ikimwagika juu ya dimbwi. Ndiyo maana rangi hubadilika kila ndege anapojigeuza.

Jike hana nundu, mng'ao wake ni hafifu, na umbo lake ni dogo zaidi. Wawili hao wakisimama pamoja, mgeni anaweza kudhani ni ndege wa aina mbili. Dume mkubwa hukaribia kilo 3. Anayeweza kumchanganya mtazamaji ni bata mkubwa mwenye kucha kwenye bawa, ambaye naye ni mweusi wa kung'aa mwenye tumbo jeupe. Huyo ana mdomo na miguu myekundu, na akiruka huonyesha weupe upande wa mbele wa bawa. Bawa la bata mwenye nundu ni jeusi lote, juu na chini.

Eneo lake ni pana. Yupo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha misitu minene na majangwa; yupo Madagaska; na yupo Asia, kuanzia Pakistani na India hadi Laos na kusini mwa China. Thomas Pennant wa Wales, aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1769, alimweleza kutokana na ndege wa Sri Lanka. Ndugu yake wa Amerika ya Kusini, ambaye dume lake lina mbavu nyeusi, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja naye, lakini siku hizi wengi humtenga.

Ramani za vitabuni hulipaka eneo hilo rangi moja, na hapo humpotosha msomaji, kwa sababu bata huyu hufuata mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka hauzidi sana milimita 550. Mvua zikishika, malambo na mabonde ya udongo mweusi hujaa, majani huota, na bata hutawanyika kwenye vidimbwi vidogo. Kiangazi vidimbwi hukauka, nao hukusanyika penye maji ya kudumu au huondoka kabisa. Maji ya namna hiyo ni machache uwanda wa kati. Lipo bwawa la Hombolo kwenye mto Kinyasungwe, lililojengwa miaka ya 1950 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Upande wa magharibi kuna kinamasi cha Bahi, kinacholishwa na mto Bubu na kupanuka au kusinyaa kulingana na mwaka. Safari za ndege hawa si fupi: waliovishwa pete Zimbabwe wamepatikana Chad na Sudan, zaidi ya kilomita 3,000.

Kuzaliana hufanyika kwenye mvua. Jike hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa, na Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, mibuyu yenye mashimo haikosekani. Mayai huwa kati ya 6 na 20. Yakiwa mengi hivyo, aghalabu ni ya majike wawili. Huatamia kwa wiki nne hivi bila msaada wa dume, ambaye huenda ana jike mwingine jirani. Vifaranga wakianguliwa hujirusha kutoka juu mpaka chini, kisha humfuata mama yao majini.

Chakula chake ni mbegu za nyasi, majani mabichi, mbegu za yungiyungi na wadudu, wakiwemo nzige. Hula mpunga pia, jambo lisilowafurahisha wakulima. Kimataifa hahesabiwi miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, ingawa biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Nchini Tanzania, kumwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.