Land Rover ya Babu na Springi Zake za Mbele

Msomaji, ukiwa mkaaji wa Thika au Ruiru, huenda unamjua mtu mwenye Land Rover kuukuu ya Series III aliyoachiwa na mzee wake, nayo imelala chini ya mparachichi ikingoja siku ya kufufuliwa. Pengine mtu huyo ni wewe mwenyewe. Gari hilo si mgeni kwenu. Land Rover za aina hiyo ziliunganishwa papo hapo Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Uzuri wake ni kwamba mbele hakuna mambo mengi. Ekseli moja nzima, na springi mbili za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Baba na mwanawe wa sekondari wanaweza kuzifungua na kuzirudisha wakiwa nyumbani. Ubaya ni kwamba kazi rahisi humfanya mtu asahau hatari.

Tuanze na hatari yenyewe. Huku kwetu watu hupenda kuegemeza gari juu ya mawe ya Ndarugo. Mawe hayo ni mazuri kwa kujengea nyumba, lakini jiwe likipasuka chini ya gari halitoi onyo. Jeki nayo huteleza. Nunua au azima stendi za chuma, uziweke chini ya chesisi mahali pagumu na tambarare, kisha uzuie magurudumu ya nyuma. Asiyekuwa na stendi aahirishe kazi. Mtoto asiingie chini ya gari hata kidogo kabla ya hayo.

Kabla ya kufunga, tazama springi zako vizuri. Nyingi za Land Rover hizo hazina springi pacha mbele: ile ya upande wa dereva imepinda zaidi, kwa sababu upande huo hubeba uzito hata mtu anapoendesha peke yake. Ukizibadilisha, gari litainama upande mmoja nawe utalaumu chesisi bure.

Bushi kuukuu zikikataa kutoka, usizipige nyundo mchana kutwa. Zipeleke kwa fundi wa jua kali mwenye presi. Zilizo kwenye chesisi ndizo sugu zaidi, na huenda fundi huyo ukalazimika kumwita nyumbani.

Wakati wa kurudisha, hakikisha kichwa cha bolti ya katikati ya springi kimeingia sawasawa katika tundu lake kwenye ekseli. Kisipoingia, ekseli itakaa mshazari na usukani utavuta upande. Yubolti zikazwe kidogo kidogo, kwa kupokezana, wala si moja hadi mwisho kisha nyingine.

Sasa ndipo wengi huharibu. Bushi ni mpira ulio kati ya bomba mbili za chuma. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hushikwa lisizunguke, na springi inapocheza ni mpira unaojipinda. Ukikaza bolti za springi gari likiwa hewani, mpira utashikwa mahali pasipo pake, na gari likishuka utakuwa umepindwa tayari hata kabla ya kuondoka uani. Hautakaa muda mrefu kabla ya kuraruka. Kwa hiyo zifunge kwa mkono tu, rudisha magurudumu, shusha gari, litikise mara kadhaa ili springi zitulie, halafu ndipo ukaze kwa nguvu. Watu wanaolalamika kwamba bushi za siku hizi ni feki, baadhi yao wangejiuliza walizikaza wapi.

Gari likiwa tayari, liendeshe polepole kwanza karibu na nyumbani ukijaribu breki na usukani. Kisha toka Thika hadi Ruiru, kama kilomita 20. Ukifika, ondoka barabara kuu, tafuta mahali tambarare, toa spana, ujaribu yubolti zote tena. Usishangae zikikubali kuzunguka kidogo. Springi huwa imejikalia vizuri zaidi njiani.