Maisha Baada ya Tiba ya Homa ya Ini C: Kirusi Kikiondoka, Nini Hubaki?

Mgonjwa aliyemaliza dawa za homa ya ini aina ya C, akaambiwa kuwa kirusi hakionekani tena katika damu yake, hutarajia kurudi nyumbani akiwa na afya kamili. Kwa wengi huwa hivyo. Lakini wapo ambao, miezi sita au mwaka mmoja baadaye, hurudi kliniki na swali zito: "Daktari, mliniambia nimepona, mbona bado nachoka, viungo vinauma na usingizi siupati?"

Swali hilo mara nyingi hupewa majibu mawili yasiyofaa. La kwanza hutolewa na mhudumu, ambaye hutazama karatasi ya maabara, huona kirusi hakipo, kisha humwambia mgonjwa kuwa hana tatizo. La pili mgonjwa hujipa mwenyewe: huamini kuwa kirusi kingalimo mwilini, akaanza kuzunguka kutafuta dawa nyingine, na fedha zilizobaki zikaishia kwa wauza mizizi. Jibu lililo sahihi ni kwamba kuondoka kwa kirusi na kupona kwa mwili ni mambo mawili, wala hayafuati kalenda moja. Mgonjwa anayelifahamu hilo hujua cha kufuatilia, na mhudumu anayelifahamu hamwachi mgonjwa wake njiani.

Tiba iliyobadili sura ya ugonjwa

Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa mwaka 1989. Watafiti watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2020 kwa kazi iliyowezesha ugunduzi huo. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, zilizotumika kwa wiki 24 hadi 48. Zilileta homa, upungufu wa damu na sonona, na sehemu kubwa ya waliozitumia hawakupona. Sofosbuviri iliporuhusiwa nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, ulianza wakati wa vidonge vinavyokishambulia kirusi chenyewe. Vikitumiwa kwa pamoja, kwa kawaida kwa wiki 8 hadi 12, huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya kila 100.

Misri imeonesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Huko kirusi kilisambaa kwa kiasi kikubwa kupitia kampeni za kutibu kichocho kwa sindano, zilizoendeshwa kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, wakati sindano zilipochemshwa na kutumiwa tena. Mwaka 2018 nchi hiyo ilianza kampeni kubwa ya kuwapima watu wazima wote, na mamilioni wakapewa tiba. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia kiwango cha dhahabu katika safari ya kuitokomeza homa ya ini C.

Nchini Tanzania homa ya ini B ndiyo iliyoenea zaidi. Hata hivyo aina ya C ipo, hususan miongoni mwa watu waliowahi kujidunga dawa za kulevya. Baadhi yao wanahudumiwa katika kliniki za methadoni, ambazo za kwanza nchini zilianza Muhimbili mwaka 2011. Kirusi hicho hupatikana pia kwa watu wanaosafishwa damu kwa mashine na kwa waliowahi kuongezewa damu isiyopimwa. Kadiri dawa zinavyowafikia watu hawa, ndivyo kundi la waliotibiwa linavyokua, na ndivyo swali la maisha baada ya tiba linavyohitaji majibu.

Kipimo kinachotia hofu bure

Chanzo cha kwanza cha wasiwasi ni karatasi ya maabara yenyewe. Kipimo cha haraka cha homa ya ini C hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana na kirusi. Askari hawa hubaki katika damu kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, hata adui akiwa ameondoka. Hivyo mtu aliyepona akipimwa kwa kipimo hicho ataambiwa "una homa ya ini" ilhali hana.

Kinachothibitisha kupona ni kipimo cha vinasaba vya kirusi, kinachofanyika wiki 12 au zaidi baada ya kidonge cha mwisho. Vinasaba visipoonekana wakati huo, mgonjwa amepona, na ni nadra sana kirusi kilekile kurudi. Cheti cha majibu hayo kitunzwe kama kinavyotunzwa cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kitamwepusha mgonjwa na hofu na gharama katika kila hospitali atakayokwenda.

Jambo moja lisisahaulike: kingamwili hizo si kinga. Mtu aliyepona anaweza kuambukizwa upya kwa sindano, wembe au kifaa chochote chenye damu ya mwenye kirusi. Aliye katika mazingira ya hatari apimwe tena walau mara moja kwa mwaka, kwa kipimo cha vinasaba, si cha kingamwili.

Makovu hayaondoki na kirusi

Kirusi hiki huweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 bila dalili. Wakati huo ini huumia na kujitibu, huumia na kujitibu, na kila jeraha huacha kovu. Makovu yakizidi, ini husinyaa na kuwa gumu. Hali hii ndiyo sirosisi. Dawa huzima moto, lakini haziijengi upya nyumba iliyoungua. Kwa baadhi ya wagonjwa makovu hupungua taratibu kwa miaka. Kwa wengine hubaki.

Makovu yanayobaki huleta hatari ya saratani ya ini. Tiba huipunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini haiifuti. Kwa wenye sirosisi waliokwisha kupona kirusi, mtu mmoja hadi wawili kati ya 100, pengine zaidi, huweza kupata saratani hiyo kila mwaka. Dalili ya mvua ni mawingu, husema wahenga, lakini saratani ya ini haitangulizi mawingu: maumivu, kukonda na manjano huja wakati uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Ndiyo maana mwenye sirosisi anapaswa kufanyiwa altrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, na pale inapowezekana kupimwa damu kwa alfafetoprotini, maisha yake yote. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, upo uwezekano wa kuuondoa.

Hapa wahudumu wa afya wanahitaji tahadhari moja. Pasipo na mashine ya kupima ugumu wa ini, makovu hukadiriwa kwa hesabu kama APRI na FIB-4, zinazotumia vimeng'enya vya ini na idadi ya chembe sahani za damu. Kirusi kikiondoka vimeng'enya hushuka haraka, na hesabu huonekana nzuri, ilhali makovu yako palepale. Kwa sababu hiyo, kipimo kilichofanyika kabla ya tiba ndicho kinachoamua nani afuatiliwe. Mgonjwa aliyekuwa na sirosisi kabla ya tiba asiondolewe katika orodha kwa sababu tu ya majibu mazuri ya baadaye.

Pia ini linaweza kuwa na adui zaidi ya mmoja. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo husababisha makovu kuzunguka mishipa ya ini, bandama kuvimba na hatimaye kutapika damu. Pombe na unene uliopitiliza huongeza majeraha yake. Kuondoka kwa kirusi hakuyatibu hayo, hivyo kila chanzo kitafutwe na kitibiwe.

Mwili unaoendelea kulalamika

Uchovu ndio mlalamiko wa kawaida zaidi. Wagonjwa wengi huona nafuu baada ya tiba, ila si wote. Uchovu unaobaki haupaswi kuitwa uvivu wala mawazo tu. Apimwe wingi wa damu, sukari, figo na tezi ya shingo, kwa kuwa interferoni, kwa waliowahi kuitumia, huweza kuivuruga tezi hiyo kwa muda mrefu. Aulizwe pia kuhusu usingizi na moyo wake. Sonona ni ya kawaida kwa watu walioishi miaka mingi na ugonjwa unaonyanyapaliwa, nayo hutibika.

Maumivu ya viungo, ganzi ya miguu na madoadoa mekundu kwenye miundi huweza kutokana na krayoglobulini, protini za damu zinazoganda kwenye baridi, ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya kirusi. Kwa baadhi ya wagonjwa huendelea kuwapo hata kirusi kikiisha. Mwenye dalili hizo apimwe mkojo na figo, na apewe rufaa kwa daktari bingwa.

Sukari nayo huhitaji jicho. Kirusi cha C huufanya mwili uikaidi insulini, na kikiondoka, sukari ya baadhi ya wenye kisukari hushuka. Mgonjwa anayeendelea na dozi ileile ya zamani anaweza kuishiwa sukari ghafla, akatetemeka, akatoka jasho au kuzimia. Vipimo vya sukari viongezwe wakati wa tiba na miezi inayofuata.

Kwa mwenye sirosisi, kukosa usingizi usiku na kusinzia mchana, kusahau, au kubadilika kwa tabia huweza kuwa ishara kwamba ini limeshindwa kuchuja sumu, na sumu hizo zimefika kwenye ubongo. Familia nyingi hudhani ni kurogwa au ni utu uzima. Kumbe ni hali inayotibika, mara nyingi kwa dawa ya laktulosi na kwa kutibu kilichoichochea, kama vile choo kigumu, maambukizi au kuvuja damu.

Chakula na dawa za maumivu

Mwenye ini lenye makovu mara nyingi hukatazwa nyama, mayai na samaki. Katazo hili humdhoofisha, kwani mwili unaokosa protini hula misuli yake wenyewe. Maharage, samaki, mayai, maziwa na kuku vinamfaa, pamoja na mlo mdogo kabla ya kulala ili asikae na njaa usiku kucha. Chumvi ipunguzwe, hasa tumbo au miguu ikivimba. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, zisikobolewe wala kulishwa kuku. Sumukuvu iliyomo huchochea saratani ya ini, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Pombe iachwe kabisa. Kahawa haina katazo. Tafiti nyingi zimeihusisha na makovu machache ya ini, mradi isijazwe sukari.

Kwa maumivu, wengi hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Kwa mwenye sirosisi dawa hizi huweza kuharibu figo na kusababisha kuvuja damu tumboni. Parasetamoli ni salama zaidi, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo ziepukwe, na anayezitumia aulizwe kwa upole, bila kukemewa, ili aseme kweli.

Tofauti na homa ya ini B

Wagonjwa wengi huchanganya aina hizi mbili. Homa ya ini B ya muda mrefu hudhibitiwa na tenofoviri, lakini kwa kawaida haiondolewi kabisa. Anayeacha dawa kwa kujiona amepona huweza kuumwa ini ghafla na vibaya. Kila anayetibiwa aina ya C apimwe kwanza aina ya B, kwa sababu kuondoka kwa kirusi cha C huweza kukiamsha cha B kilichokuwa kimelala. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2016. Asiye na B, wala kinga yake, achanjwe.

Dalili zisizosubiri

Aliyewahi kuambiwa ini lake lina makovu afike hospitali siku hiyohiyo akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa, macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji, au akipata homa akiwa na tumbo lililojaa. Ndugu wanaoishi naye wazifahamu dalili hizi, kwani mara nyingi mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitambua.

Siku ya majibu ya wiki 12 isiwe siku ya kuagana. Kabla mgonjwa hajatoka, kadi yake iandikwe mambo matatu: kwamba kirusi hakionekani na tarehe ya kipimo, hali ya makovu ya ini kabla ya tiba, na tarehe ya altrasaundi inayofuata, au maneno ya wazi kuwa haihitajiki. Asiye na makovu makubwa aambiwe hivyo, arudi kwenye maisha yake bila hofu. Mwenye sirosisi aambiwe kwamba tiba imemwongezea miaka, na kwamba miaka hiyo hulindwa kwa kurudi kliniki kila miezi sita, hata siku anazojisikia mzima.