Linux ina picha lakini haina sauti? Soma hapa kabla hujamlipa fundi

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee zile kompyuta za kafe zinazoonyesha video kama sinema za bubu.

Hali yenyewe iko hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi za mtumba hazina sifa za kupokea Windows 11. Kwa hiyo kuna wenye kafe walioamua kuweka Linux, maana ni ya bure na mashine ya zamani inaibeba vizuri. Hadi hapo safi. Tatizo linaanza mwanafunzi anapofungua somo la Fizikia YouTube. Mwalimu anachora, mdomo unacheza, sauti hakuna. Dogo kashalipia saa nzima, anahama kafe. Mwenye kafe naye anasema "Linux haina sauti", anapiga Windows ya wizi, na baada ya wiki virusi vimejaa na flashi za wateja zimeharibika.

Wadau, Linux sauti inayo. Ila sauti inapita hatua kadhaa kabla ya kufika masikioni, na hatua moja ikiziba ni kimya. Chukulia ni bomba la maji lenye koki tatu. Maji yasipotoka hubomoi nyumba, unatafuta koki iliyofungwa.

KOKI YA KWANZA: BRAUZA

Angalia juu kwenye kichupo cha ukurasa wenye video. Firefox na Chrome zinaweka alama ndogo ya spika pale sauti inapotoka. Ikiwa imepigwa mstari, bofya kichupo hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague kurudisha sauti. Jua pia kwamba tangu Chrome 66 (2018) na Firefox 66 (2019), brauza inazuia ukurasa usianze kupiga kelele wenyewe. Bofya kitufe cha kucheza kwanza ndipo ulalamike.

KOKI YA PILI: MSAMBAZAJI WA SAUTI

Brauza haiongei na spika moja kwa moja. Katikati kuna programu inayopokea sauti kutoka kila upande na kuamua iende wapi. Ubuntu ilianza kutumia PulseAudio kwenye toleo la 8.04 mwaka 2008, ikahamia PipeWire kwenye 22.10 mwaka 2022. Hapa ndipo kesi nyingi zinapolala.

Kuna kafe moja Mwanjelwa ambako mashine zote zilikuwa kimya. Skrini zimeunganishwa kwa waya wa HDMI, na waya huo unabeba picha na sauti pamoja. Linux ikaona HDMI, ikapeleka sauti huko. Skrini zenyewe hazina spika! Sauti ilikuwepo siku zote, ilikuwa inakwenda kwa kiziwi.

Dawa haihitaji hata nywila: fungua Settings, nenda Sound, sehemu ya Output uchague spika au hedifoni badala ya HDMI. Basi.

Ukitaka kuona vizuri zaidi, mwenye mashine aweke programu hii:

sudo apt install pavucontrol

Ifungue huku video inacheza. Kwenye "Playback" ukiona jina la brauza na mstari unarukaruka, brauza haina kosa, shida iko chini yake. Jina likiwepo lakini mstari umetulia, rudi koki ya kwanza. Na kama brauza haionekani kabisa, amsha msambazaji upya:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwa Ubuntu za zamani zenye PulseAudio andika pulseaudio -k, itajiwasha yenyewe. Halafu funga brauza na uifungue tena.

KOKI YA TATU: KADI YA SAUTI

Chini kabisa kuna ALSA, sehemu ya Linux inayoongea na kadi yenyewe. Andika aplay -l uone kama kadi inaonekana. Ikionekana, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi yako. Ukiona herufi MM chini ya mstari, maana yake umezimwa. Bonyeza M, kisha pandisha kwa mshale.

Iringa mjini nilikutana na kesi tofauti na ile ya Mbeya. Tundu la hedifoni la mbele lilikuwa limechoka kwa kuchomekwa kila siku, mashine ikaamini hedifoni ipo wakati haipo, ikazima spika. Ndani ya alsamixer kuna kitu kinaitwa "Auto-Mute Mode". Kuiweka "Disabled" kulitosha. Fundi aliyeitwa mwanzo alishataka elfu thelathini ya kadi mpya.

Kipimo cha haraka cha koki hii:

speaker-test -c 2 -t wav

Ukisikia mama wa Kizungu anataja kushoto na kulia, huku chini kuko salama, rudi juu kwenye brauza. Kusimamisha kipimo bonyeza Ctrl na C.

MAMBO MAWILI YA NYONGEZA

Kwanza, kama YouTube inasikika lakini redio fulani ya intaneti haisikiki, hapo koki zote ziko wazi. Huenda redio inarusha kwa mtindo wa AAC na mashine haina kodeki zake. Kwa Ubuntu weka ubuntu-restricted-extras. Ifanye kwenye intaneti ya kafe, usimalize bando lako.

Pili, ukitafuta msaada Google utaletewa maelezo ya kale yanayosema weka Flash. Achana nayo. YouTube iliiacha Flash kama njia yake ya kawaida tangu Januari 2015, na Adobe yenyewe iliizika tarehe 31 Desemba 2020. Angalia mwaka wa maelezo kabla hujanakili amri yoyote.

Na Linux si mgeni Bongo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leo tushindwe na spika?

Wenye kafe, andikeni hizo koki tatu kwenye karatasi, mbandike ukutani. Wateja, msiguse amri za sudo bila ruhusa ya mwenye mashine, ila Settings na alama ya kichupo ni haki yenu.

Ukikwama, andika kwenye maoni hapo chini: toleo la Linux, brauza gani, na umekwama koki ya ngapi. "Haifanyi kazi" peke yake haitusaidii.