Namba Zilizoruka Uzio

Tuchukue daftari la kliniki ya watoto. Siku hiyo wamepimwa watoto kumi na mmoja wa miezi tisa, na muuguzi ameandika uzito wao kwa kilo: 8.2, 7.5, 8.9, 85, 8.4, 7.8, 9.2, 5.6, 8.7, 8.0, 8.6. Mtu akisoma orodha hii taratibu atashtuka akifika kwenye 85. Hakuna mtoto wa miezi tisa mwenye kilo 85. Nukta imesahaulika, alikuwa na kilo 8.5. Lakini daftari halisomwi taratibu siku zote. Namba hizi zitaingizwa kwenye kompyuta, zitachanganywa na za zahanati nyingine, na atakayezipokea ataona mistari mamia kwa mamia isiyo na sura wala jina.

Akipiga wastani wa watoto wetu kumi na mmoja atapata kilo 15. Hayupo hata mmoja aliyekaribia uzito huo. Nukta moja imewanenepesha wote kwenye karatasi. Na madhara hayaishii hapo. Kipimo cha mtawanyiko kinachofundishwa shuleni pamoja na wastani, yaani kile kinachoonyesha namba zimeachana na wastani kwa kiasi gani, nacho kinavimba hadi kufikia kilo 23 hivi. Wengi huweka kanuni kwamba namba ikiuacha wastani kwa zaidi ya mara mbili ya kipimo hicho, basi ichunguzwe. Kwa kanuni hiyo, mtoto wetu angelazimika kuwa na uzito wa chini ya kilo hasi 31 ndipo mtu amwone kuwa ni mwepesi mno.

Sasa mtazame yule wa kilo 5.6. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi tisa mwenye uzito huo, awe wa kike au wa kiume, ana upungufu mkubwa wa uzito. Anahitaji kuonwa haraka. Kosa la kalamu kwenye mstari wa mwenzake limemficha.

Mchoro wa sanduku uliundwa kwa ajili ya hali kama hii, na mtu anaweza kuuchora kwa penseli bila kikokotoo. Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa: 5.6, 7.5, 7.8, 8.0, 8.2, 8.4, 8.6, 8.7, 8.9, 9.2, 85. Ya katikati ni 8.4, kwa kuwa ina watoto watano chini yake na watano juu yake. Chukua wale watano wa chini, tafuta wa katikati wao: 7.8. Fanya hivyo kwa watano wa juu: 8.9. Chora sanduku kutoka 7.8 hadi 8.9 na upige mstari ndani yake kwenye 8.4. Humo ndani ndimo ilimo takriban nusu ya watoto, ile nusu ya katikati. (Vitabu na programu za kompyuta hutofautiana kidogo katika kupata namba za ukingo wa sanduku, lakini tofauti hiyo mara nyingi haibadilishi hukumu.)

Kisha unajengwa uzio. Upana wa sanduku letu ni 8.9 kutoa 7.8, yaani 1.1. Zidisha kwa 1.5 upate 1.65. Toa kiasi hicho kwenye ukingo wa chini, uzio wa chini unakuwa 6.15, kiongeze kwenye ukingo wa juu, uzio wa juu unakuwa 10.55. Kutoka kila upande wa sanduku vuta mstari, unaoitwa sharubu, hadi kwa mtoto wa mwisho aliye ndani ya uzio: huku 7.5, huku 9.2. Yeyote aliyebaki nje anawekewa kitone cha peke yake. Kwetu vinatokea vitone viwili, 5.6 na 85.

Uzuri wa njia hii ni kwamba sanduku halijali ukubwa wa kosa. Andika 850 badala ya 85, andika hata 8,500: sanduku halisogei, kwa sababu linahesabu nafasi za watoto kwenye foleni, halijumlishi kilo zao. Kabla ukingo wa sanduku haujavutwa mbali, inabidi karibu robo nzima ya namba iharibike upande mmoja. Wastani huvutwa na namba moja tu.

Lakini viangalie vile vitone viwili kwa makini. Kanuni moja imevitoa vyote, na kwenye karatasi vinafanana. Kimoja ni kosa la uandishi, dawa yake ni kulifungua daftari na kurudisha nukta. Kingine ni mtoto halisi, na dawa yake ni mtu kwenda kumtafuta. Mchoro hauwezi kukuambia kipi ni kipi. Ndiyo maana naona ni jambo la hatari, tena la hatari kubwa, mazoea ya baadhi ya wachakataji wa takwimu kuiambia kompyuta ifute kila kilicho nje ya uzio ili data iwe safi. Data ya namna hiyo inakuwa safi kwa kumwondoa mtoto aliyekuwa sababu ya kupima. Kazi ya uzio ni kuonyesha pa kwenda kuuliza. Jibu liko kwenye daftari, kwenye mizani, na nyumbani kwa mtoto.

Aliyeupa mchoro huu umbo tunalolijua ni John Tukey, mwanahisabati wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Princeton na kufanya kazi pia katika maabara za Bell. Mtaalamu wa michoro ya takwimu Mary Eleanor Spear alikuwa amekwisha kuchora kitu kinachofanana nao katika kitabu chake cha mwaka 1952, ila uzio na vitone vilikuja na Tukey, na vilienea baada ya kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu uchunguzi wa data. Tukey alitaka mtu azitazame namba zake kwanza, aone zina sura gani, ndipo aanze kuzifanyia hesabu nzito.

Kwa nini 1.5? Ni chaguo la busara tu; hakuna sheria ya maumbile iliyoamuru hivyo. Kama vipimo vimejipanga kwa umbo la kengele ambalo vitu vingi vya maumbile hulikaribia, uzio huu utaacha nje takriban vipimo saba katika kila elfu moja. Kwa hiyo anayepokea uzito wa watoto elfu moja ategemee vitone kadhaa hata kama hakuna aliyekosea na hakuna anayeumwa. Na kuna data ambazo kwa tabia yake zina mkia mrefu upande mmoja: mapato ya watu, bei za viwanja, muda wa kukaa foleni. Humo vitone vitakuwa vingi upande wa juu, na vingi kati yake ni watu wa kawaida wa jamii isiyo sawa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni mgumu zaidi. Sanduku lisipotoa kitone hata kimoja, je, tutulie? Tukey mwenyewe alitumia katika kitabu chake vipimo vya mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh, na mimi sijaona mfano bora kuliko huo.

Rayleigh alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Alijaza gesi hiyo katika chupa ileile ya kioo, kwa joto na mgandamizo uleule, akaipima kwa usahihi wa kushangaza. Naitrojeni aliipata kwa njia mbili. Ya kwanza, alichukua hewa ya kawaida akaiondolea oksijeni na vitu vingine vilivyojulikana, akabakiwa na kile ambacho kila mtu wakati huo alikiita naitrojeni. Ya pili, aliitoa kwenye kemikali zenye naitrojeni ndani yake. Ikiwa naitrojeni ni naitrojeni, uzito ulipaswa kuwa mmoja. Haukuwa mmoja. Mwezi Septemba 1892 aliandika barua kwenye jarida la Nature akiwaomba wasomaji wamsaidie kueleza tofauti hiyo. Baadaye, kati ya Novemba 1893 na Februari 1894, akapima tena na tena, na vipimo kumi na vitano vya kipindi hicho vimehifadhiwa.

Ukivitia vyote kumi na vitano kwenye sanduku moja, utapata sanduku linaloanzia gramu 2.29889 hadi 2.31017. Uzio wake unaangukia mbali huku na huku, 2.282 na 2.327, na hakuna kipimo kilicho nje. Kitone hakuna. Mtu mwenye haraka angesema kila kitu kiko sawa, wastani ni gramu 2.3045, tuendelee na mengine. Lakini sanduku lenyewe lina sura ya ajabu: mwili mrefu, sharubu fupi mno. Ya chini inafika 2.29816 tu, ya juu 2.31030. Na ukivirudia vipimo vyenyewe unakuta kwamba kati ya 2.30182 na 2.30986 hamna kitu. Wastani umeangukia humo humo patupu, kwenye uzito ambao ile chupa haikuwahi kuwa nao.

Sasa vitenge kwa asili ya gesi. Vipimo saba vya naitrojeni ya hewani vinabanana kwenye 2.310. Vinane vya naitrojeni ya kemikali vinakaa kati ya 2.298 na 2.302, na uzio wao wa juu ni takriban 2.303. Hata kipimo chepesi kuliko vyote vya hewani kimeuruka uzio huo kwa mbali. Masanduku mawili yamesimama hayagusani. Kosa la mizani lingevitawanya vipimo huku na huku. Lisingevipanga kwa kufuata gesi ilikotoka. Kilichotofautiana kilikuwa ndani ya gesi.

Rayleigh hakuwa na mchoro wa sanduku. Alikuwa na jedwali, na moyo wa kutokubali kuifunika tofauti ya gramu 0.011, chini kidogo ya nusu ya asilimia. Yeye na mwanakemia William Ramsay waliichukua ile naitrojeni ya hewani. Ramsay aliipitisha juu ya magnesiamu yenye moto mkali ili imeze naitrojeni yote, na ikabaki gesi kidogo isiyokubali kuungana na chochote. Mwezi Agosti 1894 wakatangaza habari zake. Ni argoni, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta, na leo fundi wa kuchomelea alumini huikinga kazi yake kwa gesi hiyo. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Katika kutafuta, walirudi kwenye kazi ya mwanasayansi Henry Cavendish ya mwaka 1785. Cavendish alikuwa amepitisha cheche za umeme kwenye hewa hadi naitrojeni yote ikaungana na oksijeni, kisha akaiondoa oksijeni iliyozidi. Kikabaki kiputo kidogo, ambacho alikikadiria kuwa si zaidi ya sehemu moja kati ya 120 ya ile naitrojeni. Hakujua ni nini, ila alikiandika. Zaidi ya miaka mia moja baadaye maandishi hayo yalikuwa ushahidi.

Kuandika kisichoeleweka na kukiacha mahali pake kulikuja kuwa na uzito tena angani juu ya Antaktika. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, watafiti wa Uingereza waliotumia vipimo vya kituo cha Halley, walichapisha habari kwamba tabaka la ozoni la kila Oktoba juu ya kituo hicho lilikuwa limepungua kutoka takriban vizio 300 vya Dobson, ambavyo hupimia ozoni, hadi karibu 200. Setelaiti ya NASA ilikuwa ikipita juu ya bara hilohilo tangu mwaka 1978. Programu yake iliwekwa kizingiti: kipimo cha chini ya vizio 180 kitiwe alama ya kutiliwa shaka, kwa sababu ozoni kidogo kiasi hicho haikuwa imewahi kuonekana popote. Hadithi inayosimuliwa mara nyingi husema kompyuta ilivitupa vipimo hivyo. Haikuvitupa. Ilivitia alama na kuvihifadhi, na watafiti wa NASA walipovifungua na kuvilinganisha wakaona havikuwa makosa yaliyotapakaa ovyo, bali vimekusanyika mahali pamoja na msimu mmoja, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1986 walichapisha ramani za shimo la ozoni zilizotokana na vipimo vya setelaiti hiyo, vikiwemo vile vilivyotiliwa shaka, na mwaka uliofuata mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi zinazoharibu ozoni.