Je, Wajua Bitcoin Ina Kompyuta Ngapi, na Ziko Wapi?

Mwaka 2018 mkahawa wa Betty's Place mjini Nyeri ulivuma hadi ng'ambo kwa kupokea malipo ya Bitcoin. Mteja alikula, akatoa simu, akalipa. Je, mtandao wa Bitcoin uliongezeka kiasi gani Nyeri kwa malipo hayo? Haukuongezeka hata chembe.

Mtandao wenyewe ni kompyuta ziitwazo nodi. Nodi kamili hupakua daftari la miamala yote tangu Januari 3, 2009, na kuikagua yenyewe bila kumtegemea mtu. Programu ya pochi kwenye simu si nodi. Kwa kawaida huuliza seva ya mtu mwingine, kisha husadiki jibu inalopewa.

Hakuna afisi inayosajili nodi, lakini nodi zenyewe ni wambea. Ukiiomba moja anwani za wenzake, inaweza kukupa hadi 1,000 kwa mkupuo. Mradi wa Bitnodes, ulioanzishwa na Addy Yeow, unaishi kwa umbea huo: programu yake hubisha hodi kwenye anwani moja, ikiitikiwa huomba orodha, kisha huzibishia hodi zilizotajwa, na hizo nazo hutaja nyingine. Nodi zilizoitikia zilikuwa kama 10,000 mwaka 2018. Miaka ya karibuni zimepita 15,000.

Hizo ni zile zinazofungua mlango tu. Nodi inaweza kutoka kutafuta wenzake na isipokee mgeni hata mmoja. Anayeiendesha Karatina au Nanyuki kwa intaneti ya laini ya simu kwa kawaida yuko hivyo, kwa sababu wateja wengi wa kampuni ya simu huchangia anwani moja ya nje, na anayebisha hodi kutoka mbali hana njia ya kumfikia. Luke Dashjr, mmoja wa waandishi wa programu ya Bitcoin, amekuwa akitoa makadirio ya jumla yanayoizidi hesabu ya milango iliyo wazi mara kadhaa.

Wahifadhi wa wanyama upande wa kaskazini wa Mlima Kenya wamelizoea tatizo la namna hii. Januari 2016, katika sensa iliyoitwa Great Grevy's Rally, wananchi walizunguka Laikipia, Samburu, Isiolo, Meru na Marsabit kwa siku mbili wakiwapiga picha punda milia aina ya Grevy, ubavu wa kulia tu. Kila mnyama ana milia yake, kwa hiyo aliyeonekana mara mbili hujulikana. Tuseme umepiga picha wanyama 1,000 siku ya kwanza na 800 siku ya pili, na 400 ni wale wale. Nusu ya wa siku ya pili ulishawaona jana. Basi jana uliona nusu ya wote, na wote ni kama 2,000. Kwa njia hiyo Kenya ilikadiriwa kuwa na punda milia hao 2,350.

Hesabu hii inafaa nodi pia, ila nodi ni kiumbe msumbufu zaidi. Umeme ukipotea na kurudi, huenda ikaamka na anwani mpya. Nodi moja inaweza kuwa na anwani tatu, mojawapo ya mtandao wa Tor unaoficha mahali ilipo, ikahesabiwa mara tatu. Na ile isiyofungua mlango haipigwi picha siku yoyote, kwa hiyo fomula haiwezi kuikisia.

Kuhusu mahali, mimi siiamini sana ramani. Sehemu kubwa ya nodi zinazoitikia zimejificha ndani ya Tor. Katika zile zinazoonekana, Marekani na Ujerumani huongoza, na hilo halishangazi: huko ndiko seva za kukodi zilikojaa. Mtu wa Nyeri akikodi seva ya kampuni ya Hetzner iliyoko Ujerumani, nodi yake itahesabiwa huko. Akiiweka sebuleni, huenda ramani ikamweka Nairobi, kulingana na rekodi za kampuni inayomuuzia intaneti.

Kuhesabu watu ni kazi nyingine kabisa. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ilisema mwaka 2022 kwamba asilimia 8.5 ya Wakenya walimiliki sarafu za kidijitali. Mwaka 2021 kampuni ya Chainalysis iliiweka Kenya ya kwanza duniani kwa biashara ya sarafu hizo ya mtu kwa mtu, baada ya kuzingatia kipato cha wananchi. Lakini nayo iligawa miamala kwa nchi kwa kuangalia watembeleaji wa tovuti, na anayetumia VPN huhesabiwa asikokuwa.

Hata mashine za kuchimba Bitcoin hazitoi picha safi. Kampuni ya Gridless, iliyopata mtaji wa dola milioni 2 mwaka 2022, huzitumia kununua umeme wa ziada wa mitambo midogo ya maji, ukiwemo wa Murang'a. Kontena limejaa, feni zinanguruma, lakini mashine hizo si nodi. Huripoti kwa seva ya kundi la wachimbaji, na kinachoonekana mtandaoni ni nodi ya kundi hilo, popote ilipo.